Masaa Manane ya Usingizi

Saad Mbarak alikuwa muuza pete, lakini si pete za dhahabu wala za ndoa. Za ndoa zilimshinda, na hilo tutalifikia. Pete zake zilikuwa nyeusi, nyepesi, na kwa ndani zina vitaa vidogo vya kijani. Unalala nayo kidoleni, inakuhesabia mapigo ya moyo usiku kucha, na asubuhi simu inakuambia umelala vipi hata kabla hujapiga miayo. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa saa za mkono hapo hapo Nakuru mjini kwa miaka thelathini. Meza ilikuwa ile ile, na kiti kile kile chenye mguu mmoja mfupi. Saad alibadilisha mali tu, akabandika ukutani karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: PETE HAIDANGANYI.

Wateja nao walikuwa na maneno yao. Alhamisi moja ya Oktoba, wa kwanza kuingia alikuwa Mathenge, muuza viazi.

"Boss, hii pete yako iko na shida," alisema. "Jana nimetazama mpira, macho wazi, inasema nililala dakika arobaini."

"Timu yako ilikuwa inacheza vipi?"

"Vibaya sana."

"Basi ulilala, boss. Pete haidanganyi."

Mathenge alicheka akaenda zake. Akaingia Wangechi, mwalimu wa chuo kule Njoro, ambaye alikanda unga wa chapati za wageni ishirini Jumapili, pete ikamhesabia hatua elfu tatu na hajatoka jikoni. Saad akamwambia azichukue tu kama zawadi, na huyo pia akaondoka anacheka. Ndivyo alivyokuwa Saad. Watu walitoka kwake wamechangamka, wasijue kwamba kijana mwenyewe anaumwa.

Maana kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, alifungua ile app. Jina lake lilikuwa juu. Chini yake kulikuwa na jina lingine, Jepkemei, na mbele yake maneno mawili ya rangi ya majivu: Hakuna taarifa. Miezi saba alikuwa anasoma maneno hayo. Namba yake aliiblok, picha alizifuta zote, lakini huo mstari mmoja aliuacha. Kila akitaka kuufuta kidole kilikataa. Ukimuuliza angekuambia amesahau tu, na ungekuwa uongo.

Jepkemei alikuwa daktari wa mifugo kule Olenguruone, na walijuana alipoleta saa iliyotumbukia kwenye ndoo ya maziwa. Saad aliikausha siku tatu, siku ya nne akatafuta sababu ya kuichelewesha. Mwaka wa pili wa mapenzi yao alinunua pete mbili, yake na ya Jepkemei, akaziunganisha ili kila mmoja aone usingizi wa mwenzake.

"Nikijua umelala, na mimi nitalala," alimwambia siku hiyo.

"Wewe ni mpenzi ama ni nesi?" Jepkemei alimuuliza, lakini pete aliivaa, na wakati mwingine alikuwa akiibusu akidhani Saad hamwoni.

Kisha ikafika Machi. Baba yake Jepkemei, Mzee Kiprotich, alisema hana neno na dini ya mtu, ila anataka kijana aje na wazee wake, aseme kwa mdomo wake, mchana, watu wakisikia. Siku ikapangwa, Jumamosi. Kwa kina Saad, Bi Kuluthum, mama yake, alikuwa na lake. Msichana ni mzuri, alisema, lakini ni wa mbali, na atakaa vipi na sisi? Kila safari ya Olenguruone ikitajwa, presha yake inapanda. Basi Ijumaa jioni Saad akapiga simu, akasema mama yake ni mgonjwa, safari iahirishwe.

"Mama amekopa viti kanisani," Jepkemei alimwambia. "Kuku wameshachinjwa. Nitamwambia baba nini?"

"Nipe muda kidogo."

"Saad, mimi leo sitalala. Nataka kesho uniambie unasimama wapi."

Saad naye hakulala. Aligaagaa mpaka adhana ya alfajiri, akawaza mpaka akaamua kwamba atakwenda, hata peke yake, hata kwa miguu. Akachukua simu amwambie. Na kwa mazoea tu, akafungua app kwanza.

Jepkemei: masaa manane na dakika kumi na mbili. Alama tisini na moja. Usingizi wako ulikuwa mzito na wa utulivu, hongera.

Mwenzangu, hebu fikiria. Mtu amekuambia hatalala kwa ajili yako, na wewe macho yamevimba, halafu unaona alikoroma masaa manane. Saad alitazama ile namba mpaka ikamuingia kwenye mifupa. Akaipiga skrinshoti, akamtumia, akaandika chini yake: "Kumbe ulilala. Hongera." Halafu akamblok. Akalala mpaka saa sita mchana, na wale kuku wa Olenguruone wakaliwa na majirani.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimla miezi saba, na alikuwa ameshajizoesha nayo, mpaka hiyo Alhamisi mlango ulipofunguliwa akaingia mwanamke mwenye sweta zito na leso kiunoni, mkononi ana gunia la masufuria mapya yanayogongana.

Saad alisimama kabla hajajua amesimama. Alikuwa mama yake Jepkemei.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekonda." Alishusha gunia, akafungua ncha ya kitambaa chake, akatoa pete ndogo nyeusi. "Nimeleta kitu yako. Jepkemei alisema nitupe kwa choo, lakini mimi siwezi kutupa kitu ya mtu. Nimekuja Nakuru kununua vyombo, nikasema nipitie hapa."

"Vyombo vya nini?"

"Ya koito. Jumamosi watu ya Kipkorir wanakuja kumuomba. Ni mwalimu kule Molo. Mtoto mzuri."

Koito, kwa wasioijua, ni ile siku familia ya mwanamume inakuja kuomba msichana kwao, wazee wakakaa wakakubaliana. Saad aliinama haraka akaiweka pete kwenye chaja, ili mama asione uso wake. Taa ya kijani ikawaka.

"Kumbe haikukufa," mama alisema. "Hiyo taa ndiyo iliniogopesha siku ile niliivaa. Nikasema hii itanichoma kidole."

"Uliivaa wewe, Mama?"

"Mara moja tu. Ile usiku ya ng'ombe ya Jamleck. Ile Ijumaa mlisema hamkuji."

Saad aliinua kichwa polepole. Nje mtu alikuwa anauza ndizi kwa kipaza sauti, lakini yeye hakusikia kitu.

"Mama, kaa kwanza. Kaa hapa. Niambie vizuri."

Mama akakaa kwenye kile kiti cha mguu mfupi, akashika meza kisimwangushe. "Sasa ni nini ya kuambia? Jepkemei alikuwa analia tangu jioni. Mimi nilikuwa nimekukasirikia, siwezi kukuficha. Halafu Jamleck, jirani yetu, akapiga simu, ng'ombe yake imeshindwa kuzaa, ndama inakuja na miguu ya nyuma. Jepkemei akapanguza macho, akatoa pete akaweka kwa meza, kwa sababu hiyo kazi mkono unaingia mpaka kwa bega. Akaenda. Mimi nikaangalia hiyo kitu kwa meza. Nikakumbuka vile aliniambia siku moja, ati ikikaa bila mtu, huku kwako inaandika hakuna kitu na wewe unapata wasiwasi. Nikasema, huyu kijana amenikosea, lakini mama yake ni mgonjwa. Si vizuri akose usingizi tena kwa sababu ya binti yangu. Nikajaribu vidole vyote, ikakubali hiki cha mwisho. Nikalala."

"Ukalala," Saad alisema.

"Mimi nikiweka kichwa chini, hata radi ipige. Nimekuwa hivyo tangu nizaliwe. Kwani nilifanya vibaya?"

"Hapana, Mama," Saad alisema. Alifunika uso kwa mikono miwili. Masaa manane na dakika kumi na mbili. Alama tisini na moja. Huyu mama aliyemkasirikia ndiye aliyemvalia pete asiwe na wasiwasi, na yeye akaitumia kumchoma mtoto wake. Mama alimtazama, naye si mjinga, akaanza kuunganisha mambo kimya kimya.

"Saad. Wewe ulimwandikia nini asubuhi yake? Aliangalia simu, hakusema kitu, akachukua ndoo akaenda kukamua. Mpaka leo hajasema."

Saad akamwambia. Alimwambia yote, hata ile "hongera". Mama hakumkemea, na ingekuwa afadhali amkemee. Alitikisa tu kichwa, akaanza kulifunga gunia lake.

"Niruhusu nikupeleke nyumbani, Mama. Gari iko hapo nje."

"Koito ni kesho kutwa. Hujasikia?"

"Nimesikia."

"Na nikikukataza, utakuja na gari nyuma yangu?"

"Ndiyo."

Mama aliyatazama masufuria, akapumua. "Basi yabebe hayo. Mgongo unaniuma."

Walipita Njoro na ngano yake, wakapanda Molo, baridi ikaanza kuingia kwenye vioo. Mama alikuwa ameitoa ile pete kwenye chaja akaivaa tena kwenye kidole cha mwisho, akawa anaigeuzageuza. "Hii nitakaa nayo nione moyo yangu," alisema. "App bado iko kwa simu ya Jepkemei, hajaitoa." Saad alishika usukani kwa nguvu. Kumbe si yeye peke yake aliyeacha kitu bila kufuta.

Jepkemei walimkuta kwa Mzee Jamleck, jirani wa pili. Alikuwa nyuma ya ng'ombe aliyefungwa kwenye krashi, kizuizi cha mbao cha kumbania ng'ombe, yuko ndani ya ovaroli ya kijani na gambuti, glavu ndefu ya plastiki imemfika begani. Alikuwa amekuja kumpandisha huyo ng'ombe kwa mbegu za dume, kwa mrija, kama anavyofanya kila siku. Alimwona Saad akishuka. Macho yao yakakutana, na kwa muda mfupi uso wa Jepkemei ukawa ule wa zamani, wazi kabisa, halafu ukafungwa.

"Mama, ulienda kununua masufuria ama kununua mtu?"

"Alinibeba," mama alijibu. "Ongeeni. Jamleck, kuja unisaidie kushusha vyombo."

Mzee Jamleck, aliyekuwa amesimama kando ya krashi, alimtazama Saad kuanzia viatu mpaka kichwa, akamfuata mama akiguna. Wakabaki watatu, ukimhesabu ng'ombe.

"Shika mkia," Jepkemei alisema.

"Nini?"

"Mkia, Saad. Uvute upande. Hii ng'ombe imekuwa na joto tangu asubuhi, haiwezi kungojea maneno yako."

Ndivyo Saad Mbarak, kijana wa mjini mwenye viatu vya ngozi, alivyoyafanya mazungumzo makubwa kuliko yote ya maisha yake huku ameshika mkia wa ng'ombe.

"Mama ameniambia," alianza. "Pete ilikuwa kwa kidole chake."

"Najua."

"Ulijua?"

"Asubuhi ile ile." Jepkemei alikuwa anaangalia mgongo wa ng'ombe, si yeye. "Nilifika nyumbani saa moja, damu mpaka kwa nywele, nikamkuta mama ameamka na pete kwa kidole. Nilicheka, Saad. Baada ya usiku kama ule, nilicheka. Nikasema leo ataona nimelala kama mzee, atanitania wiki nzima. Nikachukua simu nikuambie. Nikakuta umeniandikia hongera."

Mkia ulimtoka Saad mkononi, akaudaka tena. "Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu lingetosha."

"Nilipiga mara nne. Siku ya tatu nikatumia simu ya mama, ukaona namba ukakata."

Saad alikumbuka. Alikuwa dukani, akaona jina la mama, akaona ni aibu kusemeshwa na mama wa mtu. Akakata akaendelea kumuuzia mteja.

"Na hata ningekupata," Jepkemei aliendelea, "ningesema nini? Ati tafadhali amini sikulala, nina shahidi, muulize Jamleck? Miaka miwili, Saad. Nikuletee shahidi ndio ujue nililia?"

"Nilikosea. Niliamini pete."

"Hapana, usiseme hivyo. Usiisingizie pete." Sasa alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni, lakini sauti ilikuwa imetulia. "Pete ni chombo tu. Mimi pia niko na thamometa. Inaniambia ng'ombe ina homa, na haidanganyi. Lakini sidungi sindano kabla sijamuuliza mwenyewe ng'ombe amekula nini, amelala wapi, ameanza lini. Kila boma nauliza. Wewe ulinijua kuliko mtu yeyote, na hukuniuliza hata swali moja."

Alimaliza kazi, akatoa mkono, akasimama vile vile nyuma ya ng'ombe.

"Nikuulize mimi, basi. Ile Ijumaa, mama yako alikuwa mgonjwa kweli?"

Angeweza kudanganya. Bi Kuluthum mwenyewe angemuunga mkono. Lakini Saad alikuwa amechoka.

"Presha ilipanda kidogo. Akameza dawa. Jioni alikuwa anatazama televisheni na kunywa chai."

"Kwa hivyo aliyekuwa mgonjwa ni wewe. Wa woga."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unatafuta mlango wa kutokea, ukaona huo."

Saad alisikia jinsi ilivyo kweli. Miezi saba alikuwa amejiambia kwamba aliumizwa. Hakuwahi kujiambia kwamba asubuhi ile, chini kabisa ya hasira, alihisi afueni kidogo. Hakuwa tena na haja ya kumkabili mama yake. Hakuwa na haja ya kusimama mbele ya Mzee Kiprotich. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Bado nakupenda, Jepkemei."

"Najua. Ndiyo maana inauma." Alipanguza pua kwa bega, maana mikono ilikuwa michafu. "Kipkorir ni mtu mzuri. Alikuja kwa baba na miguu yake, mvua inanyesha, akasema anachotaka. Siwezi kusema moyo wangu unaruka nikimwona. Lakini alikuja."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi ndiyo koito. Unajua yetu inaanza aje? Kabla mtu yeyote ataje ng'ombe ya mahari, msichana anaitwa. Anasimama mbele ya wazee wote, anaulizwa kama anawajua hawa wageni, kama anakubali waendelee. Akikataa, wanakunywa chai wanarudi kwao. Baba yangu ni mkali, lakini hilo swali ataniuliza."

"Utajibu nini?"

Jepkemei alivua glavu, akaigeuza ndani nje, akaifunga fundo.

"Achilia mkia," alisema. "Tumemaliza."

Saad akaachilia. Jepkemei alikuwa amemtangulia hatua chache kuelekea bombani kunawa, halafu akasimama, akaonyesha kwa kidevu. Kando ya ua alikuwa amefungwa ndama wa kike, mweusi mwenye paji jeupe, amekua vizuri, anatafuna.

"Yule ndiye wa usiku ule," alisema. "Alikataa kutoka mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Jamleck amemwita Machi. Ukitaka kujua masaa yangu manane yalienda wapi, ni yule hapo."

Saad alimtazama ndama, na ndama akamtazama. Alipogeuka, Jepkemei alikuwa ameshafungua maji.

"Nenda, Saad. Ukungu wa huku unashuka mapema, na wewe barabara hii huijui."

Alirudi Nakuru, na alipofika nyumbani alimkuta Bi Kuluthum sebuleni. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba Jepkemei anaolewa. Mama yake alianza kusema ndivyo Mungu alivyopanga, lakini alipomwona mtoto wake usoni, akaiacha hiyo sentensi katikati. "Mimi nilidhani utang'ang'ania," alisema baadaye. "Ungeng'ang'ania kidogo tu, ningekubali." Saad hakujua acheke ama alie.

Ijumaa asubuhi alifungua app. Maneno ya majivu yalikuwa yameondoka. Jepkemei: masaa manane na dakika ishirini, mzito na wa utulivu. Alijua ni nani. Alimwazia yule mama amelala chali na kitaa cha kijani kidoleni, akacheka peke yake jikoni, na chai ikapoa akiwa bado anacheka na kufuta macho. Kumbe hivi ndivyo angekuwa anaamka kila siku, akijua mama mkwe wake yu salama.

Jumamosi aliamka kabla ya adhana. Hakutaka kuangalia. Akasali, akaoga, akafika dukani saa mbili, akafagia, akapanga pete kwenye kioo. Saa tatu hakuweza tena.

Jepkemei: saa moja na dakika kumi na tano. Mapigo ya moyo yalikuwa juu usiku kucha. Jaribu kupumzika leo.

Yule mama anayelala hata radi ikipiga, saa moja na robo? Presha? Moyo? Ama mawazo ya wageni na masufuria? Alikuwa ameshaanza kujijibu mwenyewe, alivyozoea. Halafu akajizuia. Akapiga simu, na safari hii yeye ndiye aliyengojea kuona kama itapokelewa.

"Haloo," mama alisema. Nyuma yake kulikuwa na kelele za viti vikiburutwa na wanawake wakiitana.

"Mama, samahani kukusumbua leo. Nauliza tu. Ulilala?"

"Mimi? Nililala kama gogo. Kwa nini?"

"Pete inasema hukulala."

Saad alimsikia mama akitembea, mlango ukafungwa, kelele zikapungua.

"Pete siko nayo," alisema polepole. "Jana jioni Jepkemei alikuja akasema, mama leta hiyo kitu. Nikamuuliza ni ya nini, akaivaa tu."

Saad alishika ukingo wa meza ya baba yake. "Alijua nitaona?"

"Sasa hiyo si umuulize mwenyewe? Ngoja."

Simu ikabadili mikono. Hakukuwa na salamu. Alisikia pumzi tu, na aliijua hata bila mashine.

"Jepkemei. Ulilala?"

Lilikuwa swali dogo hivyo tu. Akamsikia akivuta pumzi kama mtu aliyeweka chini mzigo.

"Hapana, Saad," alisema. "Sikulala."

"Na ile Ijumaa ya Machi?"

"Sikulala pia." Sauti yake ilikuwa inakatika. "Ona sasa. Ni hivyo tu nilitaka. Ungeuliza hivyo tu."

"Naja sasa hivi. Nafunga duka, naja."

"Ni masaa mawili, Saad. Gari zao zimeshaingia kwa geti, wazee wanakaa."

Na kweli alivisikia vigelegele na watu wakiimba. Mtu, sauti nzito ya mwanamume mzee, alikuwa anaita jina la Jepkemei, mara moja, halafu tena. Alikuwa Mzee Kiprotich. Kwa sauti ile ungejua kwamba wazee wameshakaa na sasa msichana anatakiwa mbele yao.

"Wananiita," alisema. "Wanataka kuniuliza."

"Utawajibu nini? Jepkemei, nakuuliza mimi. Utawajibu nini?"

Alimsikia akivua kitu, kikagonga meza, kidogo, chepesi.

"Hilo swali lilikuwa lako tangu Machi," alisema. "Leo lina wenyewe."

Simu ikakatika. Saad alipoitazama, app ilikuwa bado wazi, na mbele ya jina la Jepkemei mstari ulikuwa umerudi kuwa wa majivu. Mathenge alikuwa mlangoni na pete yake mkononi, akilalamika kwamba jana tena imemwandikia amelala, ilhali mkewe anaapa alikuwa macho, basi amwamini nani. Saad alipanda juu ya kiti cha mguu mfupi, akabandua ile karatasi ukutani.

"Mwamini mkeo, boss," alisema. "Nenda ukamuulize."